Kifundo cha Mguu wa Shemeji

Katibu wa tawi la chama pale kiwandani aliponiuliza kama shemeji yangu ataweza kuruka kwenye maonyesho ya Mei Mosi, nilimjibu kuwa yuko tayari. Ningeweza kumkatalia, na asingenifanya kitu. Nilikuwa karani wa stoo mwenye cheti cha kidato cha nne, na jioni nilifundisha vijana kumi na wawili karate katika ukumbi mmoja wa Mwembesongo. Nilitaka wakubwa waione kazi yangu.

Shemeji alikuwa mdogo wa kiume wa mke wangu, mkulima wa kabichi huko Mgeta. Kila wiki alishuka na lori la mboga, akalala kwetu siku mbili, akafanya mazoezi, kisha akarudi mlimani. Kwa teke la kuruka hakuna aliyemfikia. Tatizo lilikuwa kifundo cha mguu wa kulia. Kiliwahi kuteguka akiwa na mzigo kwenye kijia chenye utelezi, na tangu hapo kilikuwa kikipinda hata kwenye sakafu iliyo sawa.

Nilimpeleka kwa sista mmoja wa zahanati ya misheni. Alikibonyezabonyeza, akatupa mazoezi ambayo hadi leo nayakumbuka. Asimame pekupeku kwa mguu mmoja wakati wa kupiga mswaki, mpaka amalize. Akizoea, afumbe macho. Halafu asimame juu ya gunia lililojazwa nusu pumba za mpunga, ajifunze kutulia likimyumbisha. Nyumbani tulifunga mpira wa ndani wa baiskeli kwenye mguu wa kitanda, akawa anauvuta kwa ubavu wa unyayo, polepole, mara nyingi. Mke wangu alicheka, akasema sasa tunafuga yangeyange wa mguu mmoja ndani ya nyumba. Mdogo wake akajibu kwamba yangeyange naye hula, basi aongezewe ugali.

Sista alisema miezi mitatu. Akanionya pia nisimpime kwa kupanda mlima, maana kupanda kila Mluguru anaweza.

"Mpime akishuka na mzigo," aliniambia. "Mguu ukipinda, hajapona. Asiruke."

Katibu alinijia wiki ya sita.

Jumapili kabla ya sherehe tulikwenda Mgeta kuwasalimia wakwe. Masika yalikuwa hayajaisha, na vijia vyote vilikuwa tope jekundu. Nilifuatana na shemeji shambani. Wakati wa kupanda aliniacha mbali, akawa ananingoja kwenye kila kona ili anicheke.

"Shemeji, karate yako inaishia kwenye sementi? Unahema kama lori la kabichi."

Nikamwambia angoje tushuke, ndipo tutajuana.

Kushuka, alijitwika tenga lililojaa. Nilikuwa nyuma yake, macho yangu kwenye kisigino chake. Alishuka ubavuubavu, mkono mmoja ukishika majani ya kando. Mguu ulipopinda mara ya kwanza, alisimama akajifanya anatazama bonde. Ulipopinda mara ya pili, alitua tenga, akaketi juu ya jiwe. Utani ulikuwa umemwisha.

"Shemeji, wewe ndiye mwalimu," alisema. "Ukisema niruke, nitaruka. Ukisema tungoje, nitangoja."

Jibu nilikuwa nalo, sista alishanipa. Lakini nilikuwa namfikiria katibu, ambaye tayari alikuwa amewatangazia wageni wa mkoani.

"Utaruka," nikamwambia. "Tutakifunga bandeji."

Siku yenyewe uwanja ulikuwa umelowa. Aliruka juu ya wenzake watatu waliopiga magoti, watu wakashangilia kabla hajatua. Alitua kwa mguu wa kulia. Nilikuwa hatua kumi kutoka pale, na nikasikia mlio kama wa muhogo unapovunjwa. Aliinuka, akasimama kwa mguu mmoja kama nilivyomzoeza kwenye gunia, akawainamia wageni kwa heshima, ndipo akaanguka.

Mfupa uliunga, kifundo hakikurudi. Polepole aliweza kupanda, ila kushuka na mzigo hakuweza tena. Mama mkwe alibeba matenga mwenyewe misimu miwili, kisha shamba la juu, lililokosa mtu wa kulihudumia, likachukuliwa na ndugu wengine wa ukoo. Shemeji akahamia mjini, akawa anauza vitunguu sokoni akiwa ameketi kwenye stuli.

Hakunilaumu hata siku moja. Nilingoja lawama, haikuja. Siku moja nilipita penye meza yake nikamtania kama zamani, nikisema vitunguu vyake vimewaliza wateja hadi wamehama. Alijiinua nusu, akiegemea meza.

"Shikamoo, mwalimu," akasema.

Miaka yote tuliyojuana hakuwahi kuniamkia hivyo. Sisi tulikuwa watani. Basi ndivyo alivyoniamkia kila tulipokutana, mpaka tulipomzika.

Nilimpotezea mguu wake, na nikaipotezea nyumba ya wakwe shamba lao. Mimi mwenyewe nilimpoteza shemeji aliyekuwa akinicheka, na tangu Mei Mosi ile sikumfundisha mtu tena.