Kurasa Zenye Uso wa Gavana

Tulimwita Mkaguzi, kwa kuwa ndiyo kazi iliyomleta ofisini kwetu, huku Luzon, Ufilipino: kupitia tovuti ya mkoa yenye kurasa elfu sita na kusema ipi ibaki, ipi ifutwe. Alisoma kila ukurasa kwa kunong'ona, kidole kikifuata mistari kwenye kioo, na kila alipokuta namba ya simu aliipiga. Isipopokewa alisonya, akaandika daftarini "hawapokei", akang'ata embe bichi lililopakwa uduvi.

Siku redio ilipotangaza kimbunga, alitafuta orodha ya vituo vya kukimbilia. Aliikuta chini ya salamu kumi na nne za siku ya kuzaliwa ya gavana, na kituo cha kwanza kilikuwa shule ambayo mto uliizoa miaka mitatu iliyopita. Akaanza kuzifuta salamu. Bosi wetu, Bwana Macaraeg, akaja mbio.

"Dada, hizo usiguse! Zina uso wa gavana."

"Watu wanaelekezwa mtoni, bosi, wewe unalinda picha za keki?"

"Basi futa hiyo orodha, si ndiyo mbovu?"

Sote tukainamia kompyuta zetu, maana mikataba yetu ni ya miezi sita na saini ni ya gavana. Mkaguzi akapiga namba ya dharura iliyo chini ya orodha. Ikalia humo humo ofisini, ndani ya kabati, nyuma ya maboksi ya kalenda za gavana.

"We, kachomoe waya," bosi akaniambia. Nami, Mungu anisamehe, nikainuka. Mkaguzi hakusonya. Alifungua daftari akaandika: "Wapo. Hawapokei."