Kijiko cha Ghorofa ya Nne

Saa tatu asubuhi Slavojka Mitić anasimama kwenye ngazi ya thelathini na moja, mkoba wa posta begani, mkono ukutani. Midomo imegeuka zambarau. Lifti ya jengo hili la mji wa Zaječar, Serbia, imekufa mwaka wa sita huu. Mlangoni pake pamebandikwa tangazo la matengenezo lenye mihuri mitatu. Mihuri wanayo. Fundi hawana.

"Umekufa au unakuja?" sauti inaita kutoka juu.

"Nikifa, pensheni utaletewa na nani, bibi?"

Ni Bibi Živadinka wa ghorofa ya nne, miaka themanini na minane. Trei iko tayari: glasi ya maji na bakuli la slatko, cheri zilizopikwa kwenye sukari hadi zikang'aa.

Slavojka ana miaka hamsini na minne. Miaka ishirini na sita amepeleka pensheni mlango kwa mlango, na kila mlango una kijiko chake cha slatko cha kumkaribisha mgeni. Kukikataa ni kumtukana mwenye nyumba.

"Kwangu ilikuwa salamu," ananiambia mimi, mwandishi ninayepanda naye. "Nani anahesabu salamu?"

Leo ana kilo mia na kumi na nane.

Pumzi ilianza kumkatika miaka mitatu iliyopita. Zahanati ikamwambia apunguze mwili. Akarudi, wakamwambia apunguze mwili. "Walinipima kiuno, moyo wakauacha."

Naijua pumzi hiyo. Mke wangu aliambiwa maneno hayohayo mpaka wiki tuliyomzika.

Mwaka huu daktari mmoja kijana wa mji wa Niš ndiye aliyemwekea mashine ya kupima moyo kifuani. "Mama, insulini ni kama wewe," alimwambia. "Inabisha hodi, mwili haufungui." Mafuta yamezidi, mwili umeacha kuitii insulini, na hayo mawili yanaidhuru mishipa ya mapafu. Inakakamaa, presha humo inapanda, na upande wa kulia wa moyo unabaki kusukuma kama mtu anayesukuma ukuta.

Dawa ya mapafu haitolewi bila kipimo cha kupitisha mpira mwembamba hadi moyoni. Foleni yake ni miezi kumi na mmoja. Kwa sasa ameambiwa asipande ngazi.

Aliomba kazi ya dirishani hapo posta, ya kukaa. Mkuu wake, ambaye kiti chake kina magurudumu, alimjibu: "Dirishani tunataka watu wepesi."

Basi anapanda.

"Leo hapana, bibi," anasema, na kusukuma trei taratibu.

Bibi Živadinka anakunja uso. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Ni moyo."

"Moyo! Mimi nimezika waume wawili, moyo wangu mzima." Kisha anamtazama midomo, anaiondoa trei mwenyewe. "Mwezi ujao nikuwekee maji matupu?"

"Weka maji."

Nje kwenye korido, Slavojka anaegemea ukuta. Ninamuuliza amepanga nini.

"Kuifikia siku ya kipimo. Kila mlango nitasema hapana, kama nilivyosema hapa. Sina mpango mwingine."

Mlango wa pili unafunguka. Bwana Tihomir, aliyefiwa na mkewe majira ya baridi, amesimama na trei.

"Leo hapana, mzee wangu."

"Kidogo tu, mwanangu," anasema. "Ni chupa ya mwisho ya slatko aliyopika marehemu."

Slavojka anavuta pumzi. Inachelewa kuja.

Anachukua kijiko.