Fundi Adolf na Mlango wa Veneranda

Simpendi Adolf, na sitajifanya nampenda kwa sababu tu naandika habari zake. Miaka kumi na nane tumefanya kazi uwanja mmoja wa gereji hapa Ujiji, yeye fundi wa bodi, mimi fundi umeme wa magari, na hajawahi kuniazima hata bisibisi. Mteja akijaribu kumwelekeza, anarudishiwa gari lake. Ukimsalimia anaguna, na ukisahau kumsalimia anakununia wiki nzima.

Lakini kwenye mlango wa Land Rover ya zamani hana mpinzani kuanzia hapa hadi Kasulu. Milango ile ina mifupa ya chuma na ngozi ya alumini. Mifupa huoza kwa kutu, ngozi haiozi, na ukiigusa kwa welding ya kawaida inatoboka. Vijana wengi wameharibu mali za watu hivyo. Adolf huvua ngozi taratibu, hujenga mifupa upya, kisha huirudisha ngozi na kuipigilia kwa ribiti, vile vipini vya chuma, kimoja kimoja. Yeye pia ndiye huandika milangoni jina la mwenye gari, sanduku la posta na uzito. Herufi zake zina mkia mdogo chini, mji mzima unazijua.

Alhamisi moja akaja Veneranda, mjane wa Kalinzi, anayeshusha kahawa na ndizi za watu kwa Land Rover. Lori lilikuwa limemkwangua pale Kidahwe, mlango wa dereva ukachanika na kuning'inia, rangi ya bluu ikachungulia chini ya nyeupe. Pembeni yake alikaa shemeji yake, Benedict, anayelilinda gari kama vile lingeibwa na aliyeshika usukani.

Ugomvi wao ulijulikana. Edson, mume wa Veneranda, alifariki mwaka jana. Benedict akasema gari ni la marehemu, kwa hiyo ni la ukoo. Kadi ya gari iliandikishwa kwa jina la Edson kama mkuu wa nyumba, na mlango vilevile. Veneranda alipojaribu kusema kwamba alilinunua yeye, wakamwambia hana adabu, kaburi la mume halijakauka anagombania mali. Jumamosi ile kikao cha ukoo kilikuwa kinakaa kulitoa gari mikononi mwake. Bila gari angerudi kubeba ndizi za watu kichwani.

Adolf akautazama mlango na kusema utupwe, anao mwingine mzima. Nilishangaa. Mtu huyu hatupi hata kipande cha bati. Veneranda akakataa, akasema anautaka huohuo. Adolf akamwambia apeleke kwingine.

Mama yule hakubishana. Alichota maji ndooni, akachukua msasa kwenye meza ya Adolf, akaanza kusugua jina la mumewe. Benedict akaruka kutoka garini, akapiga kelele kwamba mwanamke anamfuta marehemu mchana kweupe, akamkamata mkono. Mimi nikamkamata Benedict, na sioni haya kusema kwamba nilimbana kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa nimemchukia tangu aliposhuka.

Rangi nyeupe ikaisha, ikatokea ya bluu. Ndani ya bluu zikaanza kuonekana herufi nyingine: VENERANDA, KALINZI. Kila herufi ilikuwa na mkia.

Benedict akasema rangi si ushahidi, mtu yeyote anaweza kuandika upuuzi kwenye bati. Veneranda hakumtazama. Alimgeukia Adolf.

"Fundi, nani aliandika hapa?"

Adolf aliinama, akapitisha kidole kwenye mkia wa herufi moja.

"Mimi," akasema. "Ulinilipa wewe, mwaka ule ulipolinunua kwa kahawa yako. Miezi miwili baadaye akaja mumeo, akataka nifute jina lako niandike lake. Walikuwa wanamcheka kilabuni kwamba anaendesha gari la mke."

"Na msibani, walipokuwa wananiita mwizi? Ulikaa mbele yangu, ukala ugali wangu, ukanyamaza."

"Hakuna aliyeniuliza."

Nimesikia matusi mengi uwanjani hapa, lakini hakuna neno lililonichefua kama hilo. Mtu mzima alijua haki iko wapi, akaikalia mwaka mzima akisubiri aulizwe. Benedict akajichomoa mikononi mwangu, akaenda kusimama barabarani kutafuta pikipiki.

Adolf akashika nyundo kwa mkono mmoja na mlango kwa mwingine, akasema ataanza na bawaba, na hataki malipo. Veneranda akauvuta mlango kutoka mkononi mwake. Akaniomba kamba, tukaufunga sisi wawili, akaondoka nao hivyo hivyo umening'inia.

Jumamosi Adolf alipanda Kalinzi kwa bodaboda bila kuitwa. Aliyenisimulia ni mwendesha bodaboda mwenyewe, maana Adolf hakunena. Alisimama mbele ya wazee wa ukoo akasema yaleyale, na wazee wakamwachia Veneranda gari lake.

Wiki mbili baadaye liliteremka na magunia ya kahawa, mlango umekwisha tengenezwa. Ilikuwa kazi ya fundi mmoja wa Simbo: ngozi imejaa mawimbi, ribiti zimekwenda upogo, na pengo la juu linapitisha vidole viwili. Jina la Veneranda liliachwa lilivyo. Gari likapita mbele ya uwanja wetu bila kupunguza mwendo. Adolf aliusindikiza mlango ule kwa macho hadi kwenye kona, na siku hiyo hakumtukana mtu.