Vidole vya Musoki

Mwalimu wa gitaa la besi katika kwaya ya kanisa, pale mtaa wa Lumumba, hamfundishi mtu kabla hajamgeuza kiganja. Hupapasa ncha za vidole moja moja, na akikuta lengelenge huweka gitaa pembeni. "Pumzika kwanza siku mbili. Usiipasue. Na usifinye kamba na nguvu."

Zamani hakuwa hivyo. Musoki, msichana wa kwaya aliyekuwa akimfundisha besi, alipomwonyesha vidole, "Papa, iko inatoka damu," mwalimu alicheka. "Weye piga tu, itakomaa." Musoki akapiga mpaka wimbo ukaisha, akapangusa kamba kwa kitenge chake, na besi hakuigusa tena. Siku hizi anaimba tu. Kila Jumapili humpa mwalimu mkono wakitoka, naye huushikilia kupita kiasi cha salamu, akipapasa. Vidole laini, havina hata kovu.