Taa Zilizozimikia kwa Mpepetaji

Kabla ya kumwona nilisikia ungo wake. Tulikuwa tumesimama nje ya ua wa miba, rafiki yangu na mimi, tukipiga hodi bila kuitikiwa, na ndani sauti ile ikawa inaendelea: shwaa, kimya kidogo, shwaa. Punje zilirushwa zikadakwa, zikarushwa tena. Nimekulia Singida mjini, lakini likizo zangu zote za utoto nilizimalizia kijijini kwa bibi, kwa hiyo sauti hiyo naijua kama wengine wanavyoijua adhana. Ilikuwa nyepesi mno. Mwenye kazi hupepeta ungo ukiwa umejaa. Huyu wa ndani alikuwa anarudia konzi moja ya mtama, ileile, kama mtu anayejisemesha.

"Hodi, mama," nikaita kwa mara nyingine.

"Kama mmekuja kuuangalia ungo, ndio huu," sauti ikajibu. "Ingieni muuone. Hauna hata mabawa."

Tukaingia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuacha kupepeta. Alikuwa mjane wa makamo, mwembamba, mikono mirefu, khanga ameifunga kifuani dhidi ya upepo wa kipupwe. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho upande wa mashariki wa kijiji, si mbali na Sepuka. Karibu na mlango palikuwa na kapu kubwa lililofungwa kwa kamba, tayari kwa safari.

Niseme kwanza tulifikaje pale. Rafiki yangu ana duka la vyombo mjini, alilolirithi kwa baba yake, ambaye naye alilirithi kwa babu aliyevuka bahari kutoka Gujarati. Anauza sufuria, ndoo na sahani, na wenzake wa sokoni humtania kwamba sahani za dukani hazimtoshi, ndiyo maana anazitafuta za angani. Ni kweli anazitafuta. Popote mkoani palipovuma habari ya mwanga usioeleweka, au kitu kilichoshuka na kutua, yeye hufunga duka, hupanda pikapu yake kuukuu na kwenda kuuliza. Itigi alikuta ni taa ya treni ikipinda ndani ya vichaka. Karibu na Ihanja, chombo kilichodaiwa kutua kilikuwa bati la paa la mtu, limebebwa na kimbunga. Kila anapopata jibu huhuzunika kidogo, kama aliyefungua zawadi akakuta kitu alichonacho nyumbani. Kesho yake anangoja habari nyingine.

Mimi nilimfuata kwa sababu ya riwaya. Niliwaambia waandishi wenzangu kule Dar es Salaam, kwa mbwembwe, kwamba naandika juu ya watu walioona anga ikifunguka. Nilitaka kuwasikia wakisimulia kabla maneno yao hayajalainishwa na magazeti.

Habari ya safari hii ilikuwa hivi. Mwezi mmoja nyuma, jioni, watu waliokuwa wakitoka kisimani na msikitini waliona taa nyingi zimefuatana angani kama mabehewa, bila mlio wowote. Zilipita juu ya kijiji zikielekea mashariki, na zilipofika juu ya nyumba ya mjane huyu zikazimika, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho. Asubuhi, katika shamba la alizeti lililokwisha kuvunwa karibu na ua wake, pakaonekana duara. Mabua na majani yamelala na kukanyagika, duara safi kana kwamba limechorwa. Mtangazaji wa redio moja ya mjini akapigiwa simu. Akatangaza kwamba kitu kisichojulikana, cha mviringo, mfano wa ungo, kilitua usiku karibu na nyumba ya mama mmoja mpepetaji.

Nadhani hakuwa na nia mbaya. Alitafuta neno la umbo, akachukua la karibu. Lakini kwetu ungo una kazi nyingine inayosemwa kwa sauti ya chini. Ndio chombo ambacho wachawi husemwa husafiri nacho. Redio ilipoliweka neno hilo na mpepetaji katika sentensi moja, kijiji kikaisikia sentensi nyingine kabisa.

"Kila mavuno wananiita mimi," mjane alisema, sasa ameuweka ungo magotini. "Mtama, uwele, alizeti. Wakishapiga kwa fimbo, mimi ndiye wa kupepeta. Mwaka huu sikia." Akanyamaza ili tusikie. Kwa mbali fimbo zilikuwa zinapiga vichwa vya alizeti, nyua mbili tatu kwa pamoja. "Wanapepeta wenyewe, na makapi wanayaacha humohumo."

"Na kapu hilo, mama?" rafiki yangu akauliza.

"Mdogo wangu yuko Itigi, ana mizinga. Amesema anakuja kunichukua Jumamosi. Anasema kuchuja asali hakuhitaji ungo."

Alicheka peke yake. Kisha akageukia ukuta wa nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe, akaupapasa mahali udongo ulipobanduka.

Tulikwenda kulitazama duara. Rafiki yangu alipiga magoti, akafukua katikati, akapata tundu la kigingi. Pembeni, chini ya mabua, akapata mavi ya punda yaliyokauka. Punda aliyefungwa kamba hula na kuzunguka mpaka kamba iishe. Alifurahi, akaita wanaume wawili waliokuwa wakipita njiani.

"Punda gani anakula kwa duara hivyo?" mmoja akauliza.

"Aliyefungwa."

"Na nani?"

Hakuna aliyejua, na mwenye punda hajajitokeza mpaka leo, maana angelazimika pia kueleza alimfunga kwa ruhusa ya nani. "Hata punda anaweza kutumwa," mwenzake akasema, wakaenda zao. Nikaona jinsi jibu sahihi lilivyokuwa halina kazi.

Tuliporudi uani rafiki yangu alikuwa amenywea. Aliuliza swali lake la mwisho, ambalo huwauliza wote.

"Wewe mwenyewe uliziona, mama?"

"Nilikuwa hapa hapa nilipokaa."

"Zilizimikia wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu, ng'ambo ya korongo, kwenye nyumba ya bati jipya iliyokuwa peke yake. "Pale. Kwa mwenyekiti wa kitongoji."

Rafiki yangu akasimama. "Sio juu yako?"

"Juu yangu palikuwa na taa zinapita tu. Zilizimikia kwa mwenyekiti."

"Mbona hukuwaambia?" nikauliza mimi.

Aliniangalia kama ninavyotazamwa na shangazi zangu nikichelewa kuelewa. "Niwaambie nini, mwanangu? Kwamba si kwangu, ni kwa mwenzangu? Yule ana watoto wadogo."

Njiani kurudi mjini rafiki yangu aliongea mfululizo. Alikwisha kufikiri kwamba taa zile ni satelaiti. Zikirushwa kwa mkupuo hupita zimefuatana, na zinapoingia kwenye kivuli cha dunia hupotea moja moja. Asichokuwa amekifikiri ni kwamba ziko juu mno, kwa hiyo kila mtu huziona zikizimikia juu ya chochote kilicho mbele yake. "Kama mwezi, dada," alisema, huku anapiga usukani. "Utotoni mwezi haukukufuata wewe?" Ulinifuata. Nilikuwa nikikimbia hadi kona ya nyumba ya bibi kuona kama utachoka.

Simu yake ilikuwa na programu ya kuonyesha lini kundi jingine litapita. Ijumaa, baada ya magharibi. Ijumaa hiyo hiyo, siku moja kabla ya kapu kuondoka.

Tulirudi kijijini, tukaenda kwa mwenyekiti. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kusafisha miwani anapotaka muda.

"Mnataka niwaite watu waende kwa mjane Ijumaa jioni?" akauliza.

"Uani kwake hasa, baba," rafiki yangu akasema. "Si barabarani."

"Kuita nitaita. Kwenda ni miguu yao."

Ijumaa jua lilipozama, mjane alikuwa ametandika mikeka miwili. Hakuna aliyekuja. Upepo ulikunja pembe ya mkeka, akaikunjua. Ukaikunja tena. Kwenye korongo tuliona watu wamesimama makundi makundi, mwenyekiti akiwa kati yao, hawaji wala hawaondoki.

Kisha bibi mmoja akajitenga nao, kigoda kichwani. Alikuwa Mnyiramba aliyeolewa kijijini hapo miaka mingi, na kwa hiyo mtani wa Wanyaturu wote, wenyeji wa hapo, mwenye ruhusa ya kusema yale ambayo wengine wangeogopa hata kuyafikiri. Aliweka kigoda katikati ya ua, akakaa, akapanga khanga yake.

"Nimekuja kupakiwa," akasema kwa sauti ya kusikika korongoni. "Naambiwa ndege yako inaondoka saa hizi."

Mjane akamgeukia. Neno ambalo lilikuwa limenong'onwa mwezi mzima lilikuwa limewekwa uani mbele ya wote, kama sufuria.

"Kwa uzito huo?" akajibu hatimaye. "Mnyiramba wewe, utanivunjia ungo."

"Ndiyo maana nimekuja na kiti changu."

Mtu fulani korongoni akacheka kabla hajajizuia. Wakaanza kuja. Wanawake walikuja kwanza, wakasimama ukingoni mwa ua. Halafu watoto, ambao hawakusimama ukingoni mwa kitu chochote. Halafu wanaume na mwenyekiti. Jirani wa upande wa kaskazini, aliyekuwa akimwita mjane kupepeta kila mwaka, alibaki nje ya miba na mtoto mgongoni.

Tukangoja. Nyota za kwanza zilitoka. Rafiki yangu aliangalia simu, akaangalia magharibi, akaangalia simu tena. Mzee mmoja akasema huenda satelaiti zimekosa nauli.

Msichana mdogo ndiye aliyeziona. Hakusema kitu, alinyoosha mkono tu. Zilipanda kutoka magharibi, kimya, shanga za mwanga katika uzi ambao haupo, zikaja mpaka juu yetu. Mjane alikuwa ameketi mkekani, mikono yake juu ya magoti, wazi kwa kila mtu. Hakuna aliyezitazama taa tu. Walimtazama yeye, kisha taa, kisha yeye.

Zikampita. Zikaendelea, zikashuka mashariki, na ng'ambo ya korongo, juu kabisa ya bati jipya, ya kwanza ikazimika. Ikafuata ya pili. Zikaisha zote mahali palepale.

Vichwa vyote vikamgeukia mwenyekiti.

"Mwenyekiti," bibi Mnyiramba akasema, "wageni wako wamefika. Kawafungulie."

Mwenyekiti akavua miwani, akaisafisha. "Waambie wasubiri kidogo," akasema. "Mke wangu hajapika."

Kicheko kilichotoka pale sitaweza kukiandika vizuri hata nikiishi sana. Kilianzia kwa wanawake kikawazoa wote. Rafiki yangu akajaribu kueleza kivuli cha dunia, akaeleza mara mbili, na wachache wakamsikiliza. Watoto walikuwa wameshaelewa kwa njia yao: walikuwa wanakimbia toka mwisho mmoja wa ua hadi mwingine, wakibishana kesho wasimame wapi ili taa zizimikie kwa mwalimu wao.

Usiku huo tulilala kwa mwenyekiti. "Habari nyingine imekwisha," rafiki yangu alisema kabla hajalala, na nilingoja ile huzuni yake ndogo. Haikuja. "Iko moja wanayoisema kule Manyoni," akaongeza. "Mwanga wa kijani. Tutakwenda, dada?" Nikasema tutakwenda. Nilimaanisha.

Jumamosi asubuhi tulipita kumuaga mjane. Kapu lilikuwa palepale, kamba haijaguswa. Mdogo wake alikuwa amepiga simu kwamba yuko njiani. Mjane alitupatia uji, akakaa nasi, na wote tulikuwa tunasikiliza fimbo za alizeti bila kukiri. Baadaye zikanyamaza upande wa kaskazini.

Yule jirani mwenye mtoto mgongoni akatokea uani. Hakuomba radhi, wala sikuona kama alitarajiwa kuomba.

"Shikamoo, dada," akamwambia mjane. "Yetu imeshapigwa. Na upepo leo ni mzuri."

"Marahaba. Nyingi?"

"Imejaa uwanja mzima."

Mjane alinyanyuka taratibu, akaingia ndani. Tulimsikia akiliburuta kapu kutoka mlangoni hadi chumbani. Alitoka na ungo kwapani, akanigeukia.

"Utaandika ungo, au utatafuta neno jingine?"

"Nitaandika ungo, mama."

"Andika basi. Na mdogo wangu akifika kabla hamjaondoka, mwambieni anifuate huko. Atanisaidia kubeba."

Akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukabana, akaujaribu kwa kiganja, akamfuata jirani yake kwenye upepo.