Shupaza ya Bakari

Ogola alimwona Bakari kwa mara ya kwanza mwaka wa 1984, kwenye baraza ya maduka nyuma ya soko la Kisumu, siku aliyopeleka suruali yake ya kazi kutiwa kiraka. Cherehani ilikuwa kimya. Fundi alikuwa ameinamia karata, kofia imemkaa upande, akizitaja kwa majina mageni: kopa, uru, pau, shupaza. Kule bandarini Ogola alikopakia magunia, watu walisema moyo, almasi, maua na beleshi, basi.

"Kaa, bwana," Bakari alimwambia. "Huku kwenu karata hazina majina, zina vyombo vya shamba."

Ogola alikuwa mtu wa haya. Alikaa. Tangu hapo, kila akitoka kazini alipitia barazani, na Bakari akamfunza. Kopa ni moyo, uru ni almasi, pau ni hilo beleshi lenu, shupaza ni maua. Ogola aliyashika kama mtoto anavyoshika katekisimu. Mkewe Seline alimcheka kwamba sasa anaota Kipwani. Hakujali. Bakari alizaliwa Mombasa, akaletwa ziwani na mjomba wake, akaoa hapa, akazika mtoto hapa. Siku ya mazishi hayo Ogola alishika jembe pamoja na ndugu wa marehemu, na Bakari akamwita ndugu mbele ya watu wote.

Miaka ikaenda. Abeid, shemeji yake Bakari, akaja kutoka Mombasa kualika watu harusini kwa binti yake. Kule wanaume hucheza karata wawili wawili, na Bakari alikwisha kuahidi kwamba mwenzake atakuwa Ogola. Ogola, ambaye hakuwahi kuiona bahari, alinunua shati jipya.

Wakaketi barazani wamjaribu. Abeid akataja turufu kwa mdomo, bila kufunua karata kama walivyozoea barazani: shupaza. Ogola akatupa ua lake kubwa kwa madaha. Abeid akaitazama karata ile, akauliza ni nani aliyemfunza mtu huyu. Wepukhulu, jirani muuza mikate, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Hujamwambia tu, Bakari? Shupaza ni beleshi, Ogola. Mimi alinifunza wiki ya kwanza. Hii ya maua ni yako peke yako."

Ogola alimtazama Bakari. Bakari alikuwa anachanganya karata.

Harusini alikwenda Wepukhulu. Siku ya safari Ogola aliwafuata stesheni, akasimama chini ya dirisha la behewa, akamwuliza Bakari kwa nini, na wao walikuwa pamoja hata makaburini. Wepukhulu alirudi baadaye peke yake; Bakari alibaki huko huko, akafungua duka la ushonaji, na Ogola hakumwona tena. Lakini siku ile dirishani Bakari hakukasirika, wala hakuona haya.

"Nilitaka kuona utaniamini mpaka lini," alisema. "Na wewe, bwana, hukuuliza mtu mwingine hata siku moja."