Ungo wa Mama Mkubwa na Paka Aliyekula Mbio

Wewe unayenisikiliza, kama paka wako ametapika leo asubuhi na huna kitu cha kumpelekea mganga wa wanyama, sogea karibu. Sitakucheka. Nami nimepiga magoti hivyo hivyo, kitambaa mkononi, nikichungulia kilichomwagika sakafuni ili nijue kama ni ugonjwa au ni chakula tu.

Paka mwenyewe hakuwa wangu. Alikuja na mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, baada ya kukimbia vita huko Fataki. Walipitia kwanza kambi ya wakimbizi, wakakaa humo chini ya hema muda mrefu kuliko alivyotaka kusimulia, kisha wakafika kwetu Rwambuzi, mtaa wa Bunia, kwenye vyumba viwili ninavyopanga katika uwanja mmoja na familia nyingine. Kichwani alikuwa na furushi lililofungwa kwa kitenge. Kifuani, ndani ya blauzi, alikuwa na paka wa kijivu, mwembamba, macho makubwa kama ya mtu aliyeamshwa ghafla.

Nilimwonyesha mama mkubwa pa kulala. Akaliweka furushi karibu na mlango, wala hakulifungua. Alivaa nguo tulizompa sisi, alikula kwenye sahani zetu. Furushi lilibaki pale na fundo lake, na kila alipopita karibu alilikaza kidogo kwa mkono.

Paka hakuwa na jina. Mama mkubwa alimwita "mwenzangu".

Mwenzangu huyo alitapika karibu kila siku. Alitapika kwenye mkeka, kwenye kiatu cha mume wangu, na mara nyingi nje, katikati ya uwanja, mbele ya watu wote. Wewe labda utasema paka kutapika si habari. Mahali pengine, sawa. Lakini Bunia yetu ilipita katika miaka ile ya Ebola, na tangu hapo mtu akisikia sauti ya kutapika nyuma ya ukuta, kwanza hunyamaza, kisha huita watoto wake ndani. Hofu hiyo haiulizi kama aliyetapika ni mtu au ni mnyama. Mama mkubwa alijua. Kila mara alikimbia na majivu, akafunika, akazoa, akamwaga maji, akatazama huku na huku kama mwizi.

Jirani yangu wa mlango wa pili, mwanamke mwenye mdomo mrefu na moyo mzuri, aliwahi kumwambia, "Mama mukubwa, paka yako inakulaka kama mutu mwenye kutoka mu buloko!" Sote tulicheka, maana buloko ni jela. Mama mkubwa hakucheka. Leo najua kwamba jirani alikuwa ameliona jambo lenyewe kabla yangu, ila alilisema kwa mzaha nami nikalipokea kwa mzaha.

Tulijaribu yale ambayo kila mtu hujaribu. Tulimpa maziwa ya unga, tumbo likaharibika zaidi. Tulimtia mafuta ya mawese mdomoni kwa kijiko, akatukwaruza. Jirani akaleta kipande cha paracetamol, nami, kwa bahati, nikasema ningoje kwanza niulize.

Kisha mwenye nyumba, ambaye sisi humwita bayeri, akaja. Ni mzee mwenye heshima, na nisingependa umdhanie vibaya. Katika miaka ile ya ugonjwa alimzika mke wake akiwa amesimama mbali, nyuma ya kamba, watu waliovaa nguo za plastiki wakifanya kazi ambayo ilikuwa haki yake. Alisimama mlangoni, akayatazama majivu mabichi uwanjani.

"Mama, siko mutu mubaya," aliniambia. "Lakini iyi paka itoke. Siku ya Yenga nikitoka kanisani, kama iko bado hapa, pardon, mutatafuta nyumba ingine."

Yenga ni Jumapili. Nilimwambia nimesikia. Niligeuka na kumkuta mama mkubwa amechuchumaa kando ya furushi lake, analikaza fundo kwa mikono miwili.

"Mama mukubwa, unafanya nini?"

"Ye hakusema kitu mubaya," alijibu. "Siye tutarudia kambini. Mi na mwenzangu."

"Hauwezi kurudia kule juu ya paka."

"Mutoto wangu, ku Fataki tulikuwa nyumba yote. Tuliotoka ni siye wawili." Akavuta fundo tena. "Weye unataka nimuache wapi?"

Nilimwomba angoje tu mpaka Jumapili.

Kesho yake nilimtia paka kwenye kikapu, nikamfunika kwa kitambaa, nikaenda kwa miguu hadi kwenye duka la dawa za mifugo karibu na soko. Huko hutibu ng'ombe, mbuzi na kuku. Mganga wao wa mifugo alipofunua kikapu alishangaa.

"Mama, mi natunzaka ngombe. Iyi ni ngombe ya namna gani?"

"Ndiyo ile tuko nayo, munganga."

Alicheka, lakini alimpapasa vizuri, tumbo, shingo, ndani ya mdomo. Halafu aliniuliza maswali. Anatapika mara tu baada ya kula, au baadaye sana? Kinachotoka ni maji ya njano, au ni chakula kizima? Anakunywa maji? Umeona damu? Umeona minyoo? Nilikuwa nimezoa matapishi mengi, lakini sikuwa nimeyatazama kwa macho ya kutaka kujua. Mganga hakunilaumu. Alinikatia dawa ya minyoo ya kumtosha, akaniambia nirudi nyumbani niangalie. Nilipotaja ile paracetamol, uso wake ulibadilika. "Usiiweke hata kidogo karibu na paka. Ile inaua paka." Nililishika neno hilo, nawe lishike.

Basi jioni nilikaa kwenye kigoda na kuangalia. Mama mkubwa alitoka na chakula: tonge la bugali lililochanganywa na fretini, wale samaki wadogo wakavu wa Ziwa Albert, wagumu kama vijiti. Alichuchumaa, akaweka rundo lote chini, akamfunika paka kwa mkono mmoja kama mtu anayemkinga na mvua. Macho yake yalikuwa kwenye lango. Na kwa sauti ndogo, haraka haraka, alikuwa akisema, "Kula mbio, mwenzangu. Kula mbio, kula mbio."

Paka alikula mbio. Hakutafuna. Alimeza samaki mzima na kichwa chake, akavuta mwingine kabla wa kwanza hajashuka. Rundo likaisha. Baada ya muda mfupi alirudi nyuma hatua kadhaa, mgongo ukajikunja, vyote vikatoka. Nilisogea nikatazama. Samaki walikuwa wazima, macho yao bado yapo.

"Mama mukubwa," niliuliza polepole, "kwa nini unamuambia akule mbio?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua.

"Kule kambini ukikula polepole, mbwa inakamata. Ama mutoto ya mutu anakamata, na mutoto ya mutu hauwezi kumupiga, ye pia iko na njaa. Ama watu wanapiga kelele, munakimbia, chakula inabakia."

Hapo niliona kazi iliyokuwa mbele yangu. Tumbo la paka ni dogo kama ngumi ya mtoto mchanga. Ukilijaza kwa pupa, linakataa. Hakuna laana hapo, na mara nyingi hakuna hata ugonjwa. Niliwaloweka fretini katika maji mpaka wakalainika na chumvi ikatoka, nikawaponda, nikapunguza bugali. Nikagawa kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Ilisaidia, lakini nusu tu, kwa sababu hata kile kidogo alikipiga mdomo mmoja kikaisha. Sahani zetu zote zilikuwa na kina, na ndani yake chakula hujikusanya kuwa rundo. Nilihitaji kitu kipana, cha kutandaza chakula kama mtu anayeanika.

"Ningekuwa na lungo," nilisema. Hivyo ndivyo tunavyouita ungo. Wangu ulikuwa umeoza mvua zilizopita.

Mama mkubwa alilitazama furushi, nami nikaelewa kwamba ule ubapa uliokuwa chini yake muda wote ulikuwa ungo. Siku ya kukimbia aliurundikia vitu, akavifunga pamoja, akatia kichwani.

Sikumwomba. Nilipika maharagwe, nikafua. Alikaa kando ya furushi kwa muda mrefu. Kisha nikasikia kitambaa kikivutwa. Fundo lilikuwa limekazwa mara nyingi mno, ikabidi alifungue kwa meno.

Ndani mlikuwa na sufuria, mwiko, sahani mbili za bati, gauni la kanisani, na mbegu za maharagwe katika soksi ya mtoto. Soksi ya nani, sikuuliza. Mbegu zilikuwa zimeanza kuliwa na wadudu. Alizimwaga kwenye ungo, akazipepeta, akatenga nzima na mbovu, na mikono yake ilifanya kazi hiyo bila kutazama lango hata mara moja. Alipomaliza aliufuta ungo, akanipa.

"Usikae nao," alisema. "Ni wa mwenzangu sasa."

Nilitandaza chakula chembamba, kikatawanyika hadi ukingoni. Paka aliruka juu yake kwa pupa ile ile, lakini hapakuwa na rundo la kumeza. Alilamba hapa, akasogea, akalamba pale. Mama mkubwa alichuchumaa, midomo ikaanza tena lile "kula mbio". Nilimvutia mkeka.

"Kaa, Mama mukubwa. Ukichuchumaa namna ile, anawaza munaenda."

Akakaa. Akanyoosha miguu. Alisema, kwa kujaribu, kama mtu anayeonja chumvi, "Polepole, mwenzangu."

Jumapili bayeri alikuja na Biblia kwapani. Aliwakuta uwanjani, mmoja kwenye mkeka, mwingine kwenye ungo. Alisimama mbali, kama alivyozoea kusimama, akatazama mpaka paka akamaliza na kuanza kujilamba makucha.

"Hakutapika?"

"Tangu juzi hapana, muzee."

Alingoja tena kidogo, labda kuhakikisha. "Anachagulaka chakula kama mama mwenye kuchambua muchele," alisema. Kisha, akiwa ameshageuka, "Bo, sawa. Ikae."

Ile miche ya maharagwe unayoiona nyuma ya jiko letu inatoka katika soksi ile. Paka bado hutapika mara moja moja, manyoya hasa, kama paka wote. Akikataa kula kutwa nzima, akitapika hata maji, au nikiona damu, najua hapo ungo hausaidii, na nitamrudisha kwa yule mganga wa ng'ombe hata kama ni kwa mkopo.

Lakini wa kwako, kama anatapika chakula kizima mara tu baada ya kula, anza hivi leo: lainisha chakula, kitandaze chembamba kwenye ungo, kaa chini kando yake, na usiinuke mpaka amalize.